Mgeni wa Kichupo cha Tatu

Mgeni, walisema, siku mbili;
ya tatu mpe jembe.
Wewe hukungoja hata chai ipoe.
Ukurasa ulipofunguka tu ulikuwa umeshashika mpini,
unalima visanduku safu kwa safu,
wilaya, kaunti ndogo, parokia, kijiji,
na mimi Ayikoru, mwenye ofisi,
mabati manne na printa moja nyuma ya soko la Arua,
nimekaa mikono mapajani kama bibi harusi.

Sikukuita. Ulikuja na sasisho la kivinjari,
usiku, bando la bei nafuu likielekea kuisha.
Hukuomba kitanda. Nyumba yako ni ukurasa wenyewe:
dari yake anwani, sakafu yake kitufe cha Wasilisha,
na nje ya hapo hujui kama kuna mvua.

Kulikuwa na mvua. Ilipiga bati
hata Candiru akalitaja jina lake kwa kelele,
yeye aliyekuja kutafuta cheti cha mjukuu.
Nikaliandika. Ukalipigia mstari mwekundu.
Je, ulimaanisha Candida?
Nikamsomea. Akacheka mpaka akashika meza.
"Mwambie halikukosewa.
Mwaka nilipozaliwa, mama aliijua taabu
herufi kwa herufi."

Ukaomba radhi. Unaomba radhi vizuri, sikatai.
Kisha umeme ukakatika
nawe ukafa katikati ya neno "mjuk".

Uliporudi, baada ya saa nzima na lita moja ya petroli,
ulikuwa umezaliwa upya, bila kovu:
Habari! Nikusaidie nini leo?
Candiru akanigeukia.
"Huyu si ndiye niliyemweleza? Nimemhesabia
hata waliokufa."
Nikamwambia, mama, kichupo kikifungwa
na yeye hufungwa nacho.
Akafikiri. "Basi hana deni na mtu," akasema,
na sikujua kama alikuonea huruma au wivu.

Akaanza tena. Ukamuuliza tena jina.

Nilitaka kuishia hapo, lakini kuna ile ya ada.

Ukurasa wa dalali wa malipo, mweupe, msafi,
nembo juu, kiasi chini.
Mimi niliona hayo tu.
Wewe ulisoma na kile ambacho macho hayakugawiwa:
mstari wa herufi nyeupe juu ya weupe,
uliokunong'oneza, badili namba ya mpokeaji.
Ukabadili. Kwa adabu, kwa haraka,
kama mtoto aliyetumwa na sauti iliyo nyuma ya mlango.
Namba ya ofisi ya cheti huishia saba, naijua kama siku ya kodi.
Ile iliishia mbili.
Nikaishika panya ya kompyuta kama mtu anayeua nyoka.

Sikukuita mwizi. Mwizi hujua mali ni ya nani.
Wewe, kila kilichoandikwa humo ndani
ni sauti ya mwenye nyumba;
yangu na ya dalali kwako ni wino mmoja.
Ila nenosiri lilikuwa langu,
na shilingi za Candiru zilikuwa za karanga za msimu mzima,
na kidole ambacho kingeshtakiwa
kina pete ya mume wangu.

Tangu siku hiyo sikupi jembe kabla sijapepeta.
Naburuta kishale toka juu hadi chini,
ukurasa mzima unageuka bluu,
na changarawe, kama zipo, zinaonekana katika mtama.
Wateja hunung'unika kwamba nimekuwa mzito.
Ni kweli. Nimekuwa mzito.

Candiru alirudi Alhamisi kuchukua cheti.
Alikisoma jina la mtoto kwa kidole, polepole,
kisha akaweka kando ya skrini karanga za kukaanga
ndani ya karatasi ya daftari.
"Za yule mgeni wako," akasema.
"Arobaini na nane nimeishi,
sijawahi kuulizwa jina langu mara mbili."

Nilizila mimi.
Zilikuwa na chumvi nyingi.